Ndama hajui kama amechanjwa: ndigana kali, bangili ya sumaku ya mama, na swali lililonikosesha usingizi

#1 MchungaNdama (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, nimeuandika kwa siku tatu, naomba mnivumilie mpaka mwisho.

Nianze na mama yangu. Ana presha, huu ni mwaka wa kumi na moja anakunywa vidonge. Mwezi wa nne walifika kijijini watu wenye meza, kompyuta na kijichuma cha kushika kiganjani. Wakampima "mwili mzima" kwa dakika moja, wakamwambia damu yake ni nzito na mishipa imeziba, wakamuuzia bangili ya sumaku kwa shilingi 180,000. Mama aliuza mbuzi wawili. Wakamwambia sumaku ikishaanza kuvuta damu, vidonge aviache. Akaviacha.

Nilipokwenda nyumbani nilimkuta amefunga kichwa kwa kanga, macho mazito. Zahanati wakampima: 190 kwa 115. Namshukuru Mungu niliwahi.

Sasa, mimi ni afisa mifugo. Kazi yangu kubwa kwa miaka tisa ni kuchanja ndama dhidi ya ndigana kali. Usiku ule, baada ya kurudi zahanati, nilimwambia mama kwa ukali ambao bado unaniuma kwamba ametapeliwa. Akanyamaza, halafu akaniuliza: "Mwanangu, wewe unawadunga ndama dawa iliyotengenezwa kwa kupe waliosagwa, na watu wanakuamini. Hiki changu ni chuma tu, hakina hata sindano. Kwa nini chako kiwe kweli na changu kiwe uongo?"

Nilijibu ovyo. Nikalala bila usingizi. Swali la mama ni swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa chuoni, na linastahili jibu la heshima. Uzi huu ndio jibu langu, najaribu kulipanga kabla sijarudi kwake.

Kwa wasioujua ugonjwa: ndigana kali, Wamasai huita oltikana, husababishwa na kimelea kiitwacho Theileria parva. Hubebwa na kupe wa kahawia anayependa kujibana masikioni mwa ng'ombe. Kupe huyo hubadili mnyama kila hatua ya maisha yake. Anakivuta kimelea kwa ng'ombe mmoja akiwa mdogo, anadondoka, anajivua gamba, kisha anapanda ng'ombe mwingine na kumwachia. Hamwachii siku hiyo hiyo. Vimelea hukomaa kwenye tezi za mate yake wakati ameanza kunyonya, inachukua siku tatu nne. Ndiyo maana josho likifuatwa sawasawa linaokoa.

Kikishaingia, kimelea hufanya jambo ambalo hata leo nikilieleza darasani wanafunzi hunyamaza. Kinaingia ndani ya seli nyeupe ya damu, yaani askari wa mwili, na kuilazimisha igawanyike bila kukoma mithili ya saratani. Kila seli ikigawanyika, kimelea nacho kinagawanyika humo humo. Unachokiona wewe mfugaji ni mtoki umevimba chini ya sikio, homa ya nyuzi 41, ndama ameacha kunyonya. Baadaye mapafu yanajaa maji, povu jeupe linatoka puani. Ndama anakufa kwa kuzama, akiwa amesimama nchi kavu. Nilikuwa na miaka tisa nilipomshika shingoni ndama wangu wa kwanza mpaka akaisha. Baba alikuwa amenipa yeye.

Hesabu iliyofanywa kwa mwaka 1989 ilikadiria kuwa ugonjwa huu uliua ng'ombe milioni 1.1 katika nchi 11 za ukanda wetu, hasara ya dola milioni 168. Humo ndani kuna ndama wangu.

Nitaendelea kesho. Kabla ya hapo, yeyote aliyewahi kuvaa au kulalia vitu vya sumaku naomba aeleze. Sitamcheka mtu.

#2 Mama Nuru

Pole sana kwa mama. Mimi nina godoro la sumaku, nalilalia mwaka wa pili. Mgongo ulikuwa unaniuma tangu nizae mtoto wa tatu, sasa nalala. Sisemi linatibu kila kitu, ila usije kusema maumivu yangu yalikuwa ya kubuni. Nimeshasikia hayo hospitali, yanauma kuliko mgongo wenyewe.

#3 Mwalimu_Fizikia

Mkuu, hoja ya wauzaji ni kwamba damu ina chuma, kwa hiyo sumaku inaivuta. Ina ukweli wowote?

#4 Binti wa Limuru

Nipo Kenya, nasoma udaktari wa mifugo. Hiyo chanjo ilizaliwa hapa karibu na kwetu, Muguga. Babu yangu alifanya kazi ya kulisha sungura kwenye kituo hicho enzi za Jumuiya ya zamani. Endelea kaka, nitaongezea.

#5 MchungaNdama

Binti wa Limuru, umenifurahisha mno, subiri nifike kwa hao sungura. Mama Nuru, nimekusoma na nitakujibu kwa urefu, kwa sababu swali lako ndilo lenye uzito hapa.

Nianze na Mwalimu. Chuma cha kwenye damu si kama msumari. Kimefungwa kimoja kimoja ndani ya hemoglobini, na damu yenye oksijeni sumaku haiivuti, inaisukuma, tena kidogo mno kiasi kwamba huwezi kuhisi. Ushahidi uko kwenye hospitali za rufaa. Mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, ina sumaku ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), nyingine 3. Bangili ya mama haifiki hata karibu ya hapo. Kama sumaku ingekuwa inavuta damu, mgonjwa anayeingizwa kwenye MRI damu yake yote ingekimbilia upande mmoja. Anaingia, anatoka, anavaa viatu, anarudi nyumbani.

Ila mama hakuniuliza kuhusu chuma. Aliniuliza tumejuaje. Nirudi kwenye ng'ombe.

Mwanzoni mwa karne iliyopita kusini mwa Afrika mazizi yalikuwa matupu. Sotoka, tauni ya ng'ombe, ilipita mwaka 1896 ikafagia, kisha vita vya Waingereza na Makaburu vikamaliza waliobaki. Mwaka 1901 wakaanza kuleta ng'ombe kutoka pwani ya Afrika Mashariki kwa meli mpaka Beira, Msumbiji, wakawasafirisha hadi Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Wale ng'ombe walionekana wazima, maana kwetu waliopona wanaishi na vimelea. Walibeba kupe, na kupe wakabeba ndigana. Ng'ombe wa huko, ambao hawakuwahi kuujua ugonjwa huu, wakaanguka kwa maelfu.

Serikali ya Rhodesia ikamwita mtu mwenye jina kubwa kuliko wote katika fani hiyo, Robert Koch, Mjerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu. Alifika Bulawayo mwaka 1903. Akashauri ng'ombe wadungwe damu ya wenzao waliopona, tena na tena, ili wapate kinga. Ilionekana ni akili kabisa. Wafugaji wakafanya. Ng'ombe waliodungwa wakaendelea kufa kama wasiodungwa.

Hapo ndipo nataka mama anisikie. Koch hakuwa tapeli. Miaka miwili baadaye alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Lakini ng'ombe hawakujali jina lake. Waliodungwa waliwekwa kando ya wasiodungwa, wakahesabiwa, na ushauri wa Koch ukaachwa. Leo tunajua kwa nini alikosea: hatua ya kimelea inayoambukiza haimo kwenye damu ya aliyepona, imo kwenye mate ya kupe. Mwaka 1904 Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa Koloni ya Rasi huko Afrika Kusini, alimthibitisha kupe wa kahawia kuwa ndiye mbebaji. Ugonjwa wenyewe haukuondoka Afrika Kusini mpaka miaka ya 1950, kwa majosho, uzio na kuchinja.

Binti, shika kipande cha Muguga.

#6 Binti wa Limuru

Asante. Kwa ufupi, maana wengine mmechoka na sayansi.

Mfugaji wa zamani alijua kwamba ng'ombe akipona ndigana haumwi tena. Kinga ipo, tatizo ni gharama yake, maana wengi hufa kabla ya kuipata. Watafiti wa Muguga, kwenye shirika la utafiti wa mifugo la Jumuiya ya Afrika Mashariki, walijiuliza miaka ya 1960 na 1970: tukimpa ugonjwa wenyewe kwa kipimo tunachokijua, halafu tukauzuia na dawa siku hiyo hiyo, si atapona na kubaki na kinga? Dawa waliyoitumia ni oksitetrasaiklini, ile hii mnayoijua ya chupa ya kahawia. Haimwui kimelea moja kwa moja, inamchelewesha mpaka mwili ujipange. Kwa hiyo njia hii inaitwa kuambukiza na kutibu.

Sungura wa babu walikuwa na kazi hii: kupe walioambukizwa huwekwa masikioni mwa sungura wanyonye siku chache mpaka vimelea vikomae kwenye mate. Kisha kupe wanasagwa, yale maji yanachujwa, yanawekewa kinga ya baridi na kugandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Humo vimelea hulala wakiwa hai kwa miaka mingi.

Tatizo la pili likaja: kinga dhidi ya aina moja haikuzuia aina nyingine. Mwaka 1975 wakachapisha jibu, mchanganyiko wa aina tatu: moja ya Muguga, moja ya Kiambu na moja ya Serengeti iliyotoka kwa nyati. Duniani wanauita mchanganyiko wa Muguga. Miaka miwili baadaye Jumuiya ikavunjika na shirika likavunjika nayo. Babu alirudi kulima viazi. Alikuwa anasema wamewaacha kupe yatima.

#7 MchungaNdama

Mungu amrehemu babu kama ametangulia, na kama yupo mpe shikamoo yangu.

Kazi ile ya Muguga ilifanyika kwa kuweka makundi mawili. Ndama waliochanjwa na ndama wasiochanjwa wanatolewa malisho yale yale, kupe wale wale. Wasiochanjwa wanaugua na kufa, waliochanjwa wanasimama. Ni jambo gumu kulitazama, nimeshaliona kwa bahati mbaya si kwa jaribio: boma moja tulichanja, mrija wa chanjo ukaisha, boma la jirani tukamwambia mzee asubiri mwezi. Mwezi ulipofika alikuwa na ndama wanne kati ya kumi na tisa. Alinipeleka akanionesha mahali alipowatupa. Hakunilaumu. Mimi ninajilaumu.

Na hapa ndipo ndama anapokuwa shahidi mzuri kuliko sisi watu. Ndama hajui kama amechanjwa. Hajasikia semina, hajauza mbuzi wake, haoni aibu kusema dawa haijamsaidia. Ukimdunga maji hatajipa moyo. Akipona, amepona. Mtu hayuko hivyo, wala si kosa lake. Ndiyo sababu katika habari ya sumaku ilibidi watu watafute njia ya kumfanya mgonjwa awe kama ndama, asijue amepewa nini.

Mama Nuru, hii nakuandikia wewe hasa.

Mwaka 1774 daktari mmoja wa Vienna, Franz Anton Mesmer, aliazima sumaku kwa Maximilian Hell, padri mtaalamu wa elimu ya nyota, akamwekea mgonjwa wake tumboni na miguuni. Mgonjwa akasema anahisi kitu kinapita mwilini kama mkondo, akapata nafuu. Baadaye Mesmer aligundua kwamba hata bila sumaku, kwa kupitisha mikono yake tu, watu wanahisi vile vile. Asiyependa dai lake angeona hapo kuwa sumaku haikuwa na kazi. Yeye akasema sumaku ni yeye mwenyewe, kuna mkondo unaopita katika viumbe vyote na yeye anajua kuuelekeza.

Mwaka 1778 akahamia Paris. Alikuwa na pipa kubwa lenye maji na vipande vya chuma, nondo zimetokeza, wagonjwa wamekaa kulizunguka wakigusisha nondo mahali panapouma. Wengine walilia, wengine wakaanguka kwa mishtuko, na wengi waliondoka wakisema wamepona. Mji mzima ukawa unazungumza habari hiyo.

Mwaka 1784 mfalme Louis wa 16 akaunda tume. Humo alikuwamo Benjamin Franklin, balozi wa Marekani, mzee wa miaka 78, na Lavoisier, mkemia. Hawakukaa wakabishana kama mkondo upo. Waliwafunga watu macho.

Mmoja wa wafuasi wa Mesmer, daktari d'Eslon, alikuja nyumbani kwa Franklin huko Passy akautia mti mmoja wa bustani "nguvu". Akaletwa kijana wa miaka 12 aliyejulikana kuwa anahisi haraka. Wakamfunga kitambaa machoni, wakampeleka mti mmoja baada ya mwingine akiikumbatia. Wa kwanza alitoka jasho na kukohoa. Wa pili na wa tatu hali ikazidi. Wa nne akaanguka akazimia. Hakuwa amefika kwenye mti uliotiwa nguvu.

Mara nyingine mama mmoja alipewa vikombe vya maji ya kawaida. Kikombe cha nne akapata mshtuko. Akaomba maji anywe atulie, wakampa kile kikombe chenyewe kilichotiwa nguvu. Akanywa taratibu, akasema nafuu.

Yule kijana hakuwa anaigiza. Jasho lilikuwa jasho kweli. Na mshtuko wa yule mama ulikuwa mshtuko kweli. Tume haikusema watu wale ni waongo, ilisema kinachotenda kazi ni fikra ya mgonjwa na matarajio yake, na kwamba ule mkondo haupo. Kwa hiyo, Mama Nuru, sikusemei kwamba mgongo wako hauumi au kwamba hulali. Nakuamini. Nasema tu kwamba lililokusaidia yawezekana si zile sumaku ulizolipia. Inawezekana ni godoro jipya lenyewe. Inawezekana ni kwamba mara hii kuna mtu alikaa akakusikiliza.

#8 Mama Nuru

Nimelia kidogo kwa hiyo sentensi ya mwisho. Aliyeniuzia alikaa nami saa mbili nzima. Daktari alinipa dakika tatu.

Lakini mwanangu, kama kufikiri kunaniondolea maumivu, kosa liko wapi?

#9 MchungaNdama

Kwa mgongo, pengine hakuna kosa kubwa zaidi ya hela. Kwa presha kosa ni kubwa, kwa sababu presha haiumi. Fikra inaweza kupunguza unachokihisi, na mama alijihisi vizuri kweli wiki zile mbili za mwanzo, alichota maji mwenyewe. Ndani presha ilikuwa inapanda kimya kimya. Kadhalika mtoki wa ndama: huwezi kuutuliza kwa maneno.

#10 Dada wa Hartford

Wapendwa, nipo Connecticut, Marekani, mwaka wa nane, kwetu Moshi. Huu uzi umenigusa pande zote mbili na nadhani hakuna mwingine humu mwenye bahati hiyo.

Kupe kwanza. Jimbo hili ndilo lenye mji wa Lyme. Miaka ya 1970 katikati, akina mama wa hapo waliona watoto wao wengi wanavimba magoti, wakapiga kelele mpaka wakasikilizwa. Baadaye Willy Burgdorfer akamwona bakteria ndani ya kupe wa paa, kwa hiyo amepewa jina lake. Mimi niling'atwa nikitembea msituni na wanangu. Nilipata duara jekundu pajani kubwa kama sahani, nikapewa doksisaiklini, nikapona. Nyumbani Moshi kupe tulikuwa tunawatoa kwa mbwa bila hata kufikiri.

Sasa sikilizeni hili. Chanjo ya watu dhidi ya Lyme ilikuwapo. Iliidhinishwa Desemba 1998, baada ya kujaribiwa kwa watu karibu 11,000, nusu yao wakipewa sindano isiyo na kitu bila kujua. Baada ya dozi tatu ilizuia ugonjwa kwa asilimia 76. Namna inavyofanya kazi inashangaza: kupe akikunyonya anainywa kingamwili yako, nayo inawaua bakteria ndani ya tumbo la kupe kabla hawajakufikia. Yaani unamchanja kupe kwa damu yako.

Mwaka 2002 kampuni iliitoa sokoni. Watu walisema imewaletea maumivu ya viungo, kesi zikafunguliwa, wanunuzi wakapungua. Wakaguzi wa serikali walipochunguza hawakupata uthibitisho kwamba chanjo ndiyo sababu, lakini watu walishaogopa. Mbwa wa hapa wana chanjo ya Lyme, mimi sina. Majaribio makubwa ya chanjo mpya ya watu yalianza mwaka 2022.

Sasa sumaku. Kule kule Connecticut, mwaka 1796, daktari Elisha Perkins alipewa hataza ya vijiti viwili vya madini, kimoja rangi ya dhahabu, kingine ya fedha. Ukivipitisha juu ya mahali panapouma, vinavuta ugonjwa utoke. Alidai ni umeme wa mwilini, binamu yake sumaku ya Mesmer. George Washington alinunua jozi. London viliuzwa gini tano, hela nyingi kwa wakati ule. Naishi kati ya mji wa chanjo iliyokataliwa na nyumbani kwa vijiti vilivyonunuliwa na rais. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi nikiwa naendesha gari.

#11 MchungaNdama

Dada, asante sana. Umenifungulia mlango wa mtu ninayempenda kuliko wote katika habari hii, na wengi hawamjui: John Haygarth, daktari wa Bath, Uingereza.

Mwaka 1799 Haygarth alichonga vijiti vya mbao. Akavipaka rangi vifanane na vya Perkins. Akachukua wagonjwa watano wenye baridi yabisi ya muda mrefu, akawapitishia mbao bila kuwaambia. Wanne kati ya watano walisema wamepata nafuu, mmoja akaweza kutembea vizuri zaidi. Kesho yake akatumia vijiti vya kweli vya madini. Majibu yakawa yale yale.

Wakuu, hilo ndilo jibu la mama yangu. Halihitaji maabara wala kiingereza. Linahitaji mbao, rangi, na mtu mwenye moyo wa kutaka kujua hata kama jibu litamhuzunisha. Chukua bangili kumi, tano za sumaku na tano za chuma kisicho na sumaku, zifanane, asijue mvaaji wala anayepima presha. Baada ya mwezi soma namba. Kila mara bangili na sumaku za maumivu zilipopimwa hivyo na watafiti makini, wakajumlisha majaribio, hazikuonekana kushinda zile bandia. Na chanjo ya ndigana ilipowekwa kwenye mtihani wa namna hiyo, ng'ombe walisimama.

Nisiwafiche udhaifu wa chanjo yangu, maana muuzaji wa kijichuma hakumwambia mama udhaifu wa bidhaa yake hata mmoja, na hapo tu ilitosha kumshuku. Ng'ombe aliyechanjwa anabaki na vimelea kidogo mwilini maisha yake yote, anaweza kuwapa kupe. Karibu na hifadhi penye nyati inaweza kuzidiwa, maana vimelea vya nyati ni vya aina nyingi. Haizuii ndigana baridi wala kukojoa damu wala moyo kujaa maji, kwa hiyo josho halikwepeki. Inahitaji mtungi wa naitrojeni, na ukiishiwa gesi njiani umepoteza kila kitu. Mrija mmoja una dozi 30 hadi 40, na ukishauyeyusha una saa chache tu. Mwenye ng'ombe watatu hawezi kuununua peke yake.

#12 Mwalimu_Fizikia

Nimeelewa sana. Swali moja: kwa nini miaka yote hii bado mnasaga kupe? Hakuna chanjo ya kisasa?

#13 Binti wa Limuru

Inatafutwa, Mwalimu, na inatafutwa Nairobi. Kimelea kina protini kwenye ngozi yake, inaitwa p67, wakati kinatoka kwenye mate ya kupe. Watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, walitengeneza chanjo ya protini hiyo peke yake, wakaipeleka kwenye malisho ya kweli Kenya. Matokeo yaliyochapishwa 2005 yalionesha ugonjwa mkali ulipungua karibu nusu. Nusu si haba, ila mfugaji aliyezoea mchanganyiko wa Muguga haikubali. Mwaka huo huo ramani nzima ya vinasaba vya kimelea ilichapishwa, kwa hiyo sasa wanachagua protini nyingine kwa macho wazi.

Na kusaga kupe si ushamba wa kwetu. Montana, Marekani, miaka ya 1920 Roscoe Spencer na Ralph Parker walisaga kupe wakawaua vimelea kwa fenoli, wakapata chanjo ya homa ya madoa ya milima ya Rocky. Spencer alijidunga mwenyewe kwanza, mwaka 1924. Ugonjwa ule ulikuwa umeshaua wafanyakazi wa maabara hiyo.

#14 Kigoma Ujiji

Naongeza kidogo. Sisi huku tunao papasi, kupe laini wa kwenye sakafu za udongo, anatoka usiku. Homa ya papasi inakuja, inaondoka, unadhani umepona, inarudi. Mzee wangu alikuwa anatibiwa na mganga, na kila homa ilipoondoka yenyewe mganga alisifiwa. Ilipomrudia tukasema amerogwa upya. Nikisoma huu uzi naona tulikuwa tunahesabu vibaya. Homa ile huondoka yenyewe kwa siku kadhaa hata usipofanya kitu.

Daktari Mwingereza Joseph Dutton alikuja kuuchunguza ugonjwa huo ng'ambo ya ziwa, Kongo, ukampata, akafia Kasongo Februari 1905. Bakteria wa homa ya papasi ana jina lake.

#15 MchungaNdama

Kigoma, huo mfano wa homa inayoondoka yenyewe sikuwa nao na nitaupeleka kwa mama kama ulivyo. Atauelewa mara moja, ameugua malaria za kutosha.

#16 Ole wa Terrat

Kaka shikamoo. Nina ndama 12, jirani zangu wana wachache wachache. Mwaka jana walikufa saba. Bei ya dozi ikoje na tunakupataje? Tulidanganywa na mtu aliyekuja na sindano za rangi ya njano akatuambia ni chanjo ya oltikana. Hakuwa na mtungi.

#17 MchungaNdama

Marahaba. Pole kwa hao saba.

Asiye na mtungi unaofuka moshi wa baridi hana chanjo ya ndigana, usimruhusu afungue begi. Chanjo halisi ni sindano mbili: moja ndogo karibu na sikio, moja kubwa ya oksitetrasaiklini kwenye msuli, kipimo kwa uzito wa ndama. Kisha hereni sikioni kuonesha amechanjwa. Bei mtapatana na ofisi ya mifugo ya wilaya yenu, inategemea umbali. La msingi kusanyeni ndama wafike 35 au zaidi siku moja, asubuhi na mapema, zizi moja. Wasiwe wagonjwa wala wenye homa. Na mniandalie wavulana watatu wenye nguvu.

#18 MchungaNdama

Wakuu, mrejesho baada ya wiki tatu.

Nilirudi kwa mama. Sikumpa mhadhara. Nilichonga vijiti viwili vya mpingo nikavipaka rangi ya shaba, nikamwambia habari ya Haygarth huku tunapukuchua mahindi. Aliposikia wale wanne kati ya watano, akasimamisha mikono. Akaniuliza, "Na yule wa tano?" Nikamwambia hakuhisi kitu, siku zote mbili. Akakaa kimya, kisha akasema, "Huyo ndiye alikuwa na akili zake, au ndiye aliyeumwa zaidi."

Vidonge anakunywa. Juzi ilikuwa 138 kwa 86. Bangili bado anaivaa, anasema ni ya mbuzi wawili, hawezi kuitupa. Nimemwachia.

Jumamosi nilikuwa Terrat. Tulipata ndama 38. Mrija nilikuwa nimeshauyeyusha, saa zinakwenda, akatokea bibi mmoja na mjukuu wakimvuta mtamba mwekundu kwa kamba, wamemtembeza tangu alfajiri. Wa 39. Mjukuu alitaka kumshika mwenyewe wakati namdunga. Nikamwachia ashike.